Pilipili ya Wonosobo

Ijumaa ya mshahara, Ruwi, saa kumi alasiri,
foleni imetoka nje hadi penye kivuli cha benki.
Mimi Thuwaiba, dirisha namba nne,
nahesabu pesa za watu na sizili.

Sulastri huja na riyali sabini.
Zimekunjwa mara tatu, zina harufu ya sabuni ya kufulia.
Mwaka wa tano huu, sabini zile zile,
kwani bwana wa nyumba ya Al Hail
hajasikia bado kwamba vitu vimepanda.

Nyuma yangu ubao unawaka tarakimu nyekundu:
taka, peso, rupia ya India, rupia ya kwao,
hiyo ya kwao ina masifuri kama shanga.
Nabonyeza, mashine inakohoa, namwambia:
milioni mbili, laki tisa na ushei.
Mwaka juzi zilikuwa milioni mbili na laki saba.
"Zimeongezeka," nasema,
najiona nimempa habari njema.
Anacheka kwa pua.
"Zimeongezeka namba, dada. Mama ni milionea
anayehesabu pilipili moja moja."

Kisha ananionyesha risiti zake.
Hakutupa hata moja. Nyuma ya kila karatasi
kaandika kwa penseli alichosomewa kwa simu kutoka sokoni:
Januari, pilipili, kilo elfu arobaini.
Machi, mafuta ya mawese, dukani hayapo.
Kabla ya Idi, pilipili, elfu tisini na tano,
mama kanunua robo.
Agosti, mchele, ule wa vipande.
Septemba, ada ya Bagas.
Mchele hakuandika.

Wizara gani ina kitabu kama hiki?

Juzi alikuja uso umechangamka.
Ameona kwenye simu: huko kwao wakubwa wametangaza,
mfumuko wa bei umeshuka.
"Umeshuka, Thuwaiba! Basi mbona mama
anasema pilipili iko pale pale juu?"
Watu kumi na wanane nyuma yake, meneja anatazama saa,
nami natafuta Kiarabu chepesi cha kumweleza
kwamba kilichoshuka ni mwendo, si bei.
Bei ni mtu aliyekuwa akipanda mtende mbio,
sasa anapanda polepole.
Hajateremka. Hana nia ya kuteremka.
Tende zote ziko kwake huko juu.

Akanyamaza. Akatoa noti ya riyali tano,
akaiweka juu ya zile sabini.
"Ilikuwa ya vocha," akasema.
"Mwezi huu nitapokea tu, sitapiga."

Kwetu husemwa, pilipili usoila yakuwashiani.
Nimekua na methali hiyo, Kiswahili ndani, Kiarabu mlangoni,
na niliipenda, maana ilinipa ruhusa
ya kufunga dirisha saa mbili usiku nikaenda zangu.
Sasa naijua bei ya pilipili ya Wonosobo
kuliko ya soko letu la Sib.
Chai ya maziwa hapo chini, iliyokuwa baisa mia,
ni mia na hamsini tangu Ramadhani,
na sambusa yake imekonda.
Nalipa bila kugeuka. Mie namudu.
Hilo sikumwambia.

Leo kapitisha kitu chini ya kioo pamoja na pesa:
pilipili mbili, nyembamba, nyekundu,
kaziotesha kwenye kopo la mafuta
juu ya paa la bwana, penye matangi ya maji.
"Hizi hazina bei," akasema, mkono mdomoni.
Moja ilibanwa na ukingo wa kioo, ikapasuka.

Juu yangu kuna kamera.
Kanuni ya kazi: tusipokee kitu kwa mteja.
Nikagonga mhuri. Nikazifunga zote mbili
ndani ya risiti yake, nikazisukuma zirudi alikozitoa.
Akaitazama ile karatasi. Hakuikunja mara tatu.
Alivyotoka, mlango ulichelewa kujifunga,
joto la barabarani likaingia hadi kwangu.

Mbegu moja ikabaki kwenye kaunta, nikaifuta kwa kidole.

"Namba hamsini na sita," nikaita,
nikapangusa jicho
kwa kidole kile kile.