Zamu ya Usiku

Mimi ni fundi wa vali.
Kazi yangu ni kuyatuliza maji
yanayopanda yakitokota kutoka chini ya mwamba,
yafike Husavik yakiwa na moto wa kuoshea vyombo,
si wa kubabua watoto.
Joto likizidi, nabana. Likipungua, nalegeza.
Nina mshahara, kofia ngumu, na kengele ya kuniamsha.

Miaka tisa binti yangu Eydis alikuwa na fundi wake,
nami sikujua.
Hakuwahi kuomba likizo huyo:
kongosho, kipande cha nyama kilichojilaza nyuma ya tumbo
kama paka nyuma ya jiko.
Mtoto akila mkate na siagi, kongosho linaonja damu,
linaituma insulini mlango kwa mlango:
fungueni, sukari imefika.
Akilala bila kula, kwa kununa,
linaliandikia ini barua nyingine,
glukagoni, jina gumu, ujumbe mwepesi:
toa akiba.
Asubuhi anaamka anadai soksi zake,
na hakuna aliyeshukuru.

Kisha ikaja baridi ile,
jua likipita kama mgeni asiyevua koti,
akaanza kunywa maji.
Bilauri. Jagi. Mdomo kwenye bomba.
Akinywa, akikojoa, akikonda.
Daktari Steinvor akavua miwani yake akasema
askari wa mwili wake mwenyewe
wamelivamia kongosho, wamelidhania adui.
Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo,
lakini hiki kilipita nguo, kikapita ngozi,
kikakaa damuni kimevaa sare ya mlinzi.

Basi sasa nina zamu mbili.
Saa nane usiku namtoboa kidole usingizini,
nasoma namba, nahesabu:
viazi vitatu, maziwa nusu bilauri,
samaki hana hesabu.
Nilikosea Jumanne. Nilikosea na Alhamisi.
Vali zote za kituo nazijua kwa mlio,
ila sijui hofu ya mtihani inapandisha sukari kiasi gani,
wala kicheko kinaishusha kwa vipimo vipi.

Septemba tulipanda mlimani kuteremsha kondoo.
Eydis alikuwa mbele, akipiga kelele, akirusha mikono,
mara kelele zikakatika.
Kipimo kilikuwa kwenye gari, ng'ambo ya mto.
Lakini kuna aliyeona kabla yangu.
Ubongo, ule mtoto mchaguzi,
aliona sahani yake inakaribia kuwa tupu, akapiga yowe;
yowe likashuka uti wa mgongo, neva kwa neva,
likagonga tezi zilizoketi juu ya figo,
na adrenalini ikamwagika.
Jasho likamtoka katika upepo ule wa kukata masikio.
Vidole vikatetemeka.
"Baba," akasema, "magoti yangu yanaongea."

Mfukoni nilikuwa na sukari ya farasi,
vipande vinne vilivyoshika nyuzi na vumbi la nyasi.
Akatafuna vyote, nyuzi na yote.
Tukakaa juu ya jiwe. Farasi akatutazama kwa uchungu wa mwenye mali.
Dakika kumi, labda kumi na mbili,
nikasikia anamtukana kondoo dume wa jirani,
nikajua amerudi.

Ndipo nikagundua moyo wangu mwenyewe
nao ulikuwa ukienda mbio, na sasa unapunguza mwendo,
taratibu, kama maji yanayopoa bombani.
Nani aliuambia utulie?
Si mimi. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya farasi
na sikuwa na akili hata ya kuketi vizuri.

Usiku huo nikaandika kwenye daftari la kazini,
maana jingine sikuwa nalo:
E, saa nane, sita nukta moja.
Asubuhi Ketill alipopokea zamu akapitisha kidole kwenye safu,
akakunja uso.
"Kisima E," akauliza, "ndicho kipi hicho?"