Haja Ndogo

Nilidhani ni supu ya bitiruti ya jana
imekuja kuniaga chooni.
Lakini miaka thelathini na mmoja nimetia nyuzi rangi
kiwandani Łódź. Nyekundu naijua.
Hii haikuwa ya mboga.

Daktari Wrona alichora kibofu
nyuma ya risiti ya duka la dawa,
akakitia kinundu,
kisha akakikata chote kwa kalamu.
Nikauliza kama tramu ya saa kumi imeshapita.

Sasa mkojo unatokea kando ya kitovu,
kwenye mfuko ninaoumwaga
kila baada ya saa tatu.
Usiku wa kwanza nyumbani ulivuja.
Wiesława akatandua, akatandika.
Ukavuja. Akatandua.
Mara ya tatu tulicheka hadi mshono ukauma,
kisha yeye hakucheka tena.

Nani aliyeiita haja hii ndogo?

Leo kuna theluji. Nimemwaga, nimechungulia:
manjano, manjano hafifu,
rangi ambayo kiwandani
ingerudishwa pipani, haijakolea.

Nimesimama pale, miguu inapata baridi,
sijavuta maji.