Zima Redio, Kiwuuwa

Zima redio, Kiwuuwa.
Zima na feni. Mwambie kijana wa chapati hapo nje
aache kidogo kugongagonga kikaango chake.
Ndeeba haijui kunyamaza,
misumeno ya mbao inalia tangu alfajiri,
lakini nipe dakika moja.

Sasa kanyaga. Taratibu. Mpaka elfu mbili na mia tano.
Achia.
Hapo.
Hapo ulipoachia, umesikia?

Unasema ni bomba la moshi.
Wiki jana ulisema ni petroli ya Masaka.
Bomba hulia kama bati, sauti yake ni ya juu juu.
Hii inatoka tumboni.
Ko. Ko. Ko-ko.
Mgeni anayebisha hodi kwa aibu,
anayejua wenyeji wamelala.

Shika bisibisi hii. Ncha kwenye chuma,
mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio.
Ndivyo baba alivyonifunza kambini Jinja,
nina miaka tisa, malori ya jeshi yamepangwa kama ng'ombe,
naye ananiuliza kwa Kiswahili chake cha amri:
"Adiru! Nani mgonjwa?"
Nilikosea mara nyingi.
Lori moja nililoliita zima lilifia njiani Karuma.
Sikuchapwa. Nilipewa kipande cha chuma kilichotoboka,
nikilalie chini ya mto.

Asubuhi, likiwa baridi, gari lako ni muungwana.
Ngoja lipate moto. Ngoja foleni ya Kibuye.
Tazama geji: zamani, likiunguruma limesimama,
sindano ilikaa juu ya moja.
Leo inalala chini ya nusu,
inaamka ukikanyaga, nawe unafurahi.

Ile kona ndefu ya Busiika, ya kushoto,
oili yote hukimbilia ukingoni mwa sampu,
pampu inameza hewa.
Sekunde moja. Mbili.
Wewe ulikuwa unasikiliza watu wakishangilia.

Fundi wa ng'ambo ya barabara alikuuzia oili nzito.
Kelele ikapungua, ukamlipa, ukamwita daktari.
Blanketi, Kiwuuwa. Amelifunika blanketi.

Njoo huku penye mwanga.
Filta yako hii, nimeikata kwa msumeno,
karatasi nikaikunjua kama barua.
Unaona kung'aa huko? Kunapendeza, eh?
Poda kwenye shavu la bibi harusi.
Nimepitisha sumaku, haikunasa kitu.
Wengine hapo hushukuru Mungu.
Mimi ndipo ninapokunja mikono ya ovaroli,
maana beringi haina urafiki na sumaku.

Jumapili una mbio, najua.
Mdhamini wako keshachapisha fulana.
Lete jeki.

*

Saa mbili usiku, umeme umekatika,
kijana wa chapati anatushikia tochi ya simu.
Sampu iko chini, kofia ya konrodi ya tatu iko mkononi mwangu.

Nyoosha kiganja.
Hii ndiyo. Nusu duara, nyembamba kama ukucha.
Hapa ni kijivu, ilivyozaliwa.
Hapa kijivu kimeliwa, unaona shaba.
Sasa pitisha kidole kwenye krenki. Polepole.
Kuna mkwaruzo?
Hakuna?
Pitisha tena.

Basi Mungu anakupenda kuliko unavyostahili.
Jumapili moja zaidi,
na konrodi ingetoboa ubavu itoke kutusalimia,
nawe ungekuja kwangu na lori la kuvuta
na hotuba kuhusu bahati mbaya.
Bei ya seti nzima ya beringi haifiki tairi lako moja la mbele.
Nilikuambia Februari. Ulikuwa na haraka.

Hapana, pesa weka. Fulana za mdhamini nazo weka,
zitavaliwa mwezi ujao.
Kesho napima, keshokutwa nafunga,
halafu utaliendesha polepole kama unabeba mayai
mpaka nitakaposema.

Unaiomba ya nini?
Haya, ichukue.
Ila usiitundike kwenye kioo kama pambo.
Ilalie.
Ikikuchoma usiku, usigeuze mto.