Fundi wa Manyunyu

Kabla sijashuka kwenye korongo la Kihansi
nachovya buti katika beseni la dawa,
soli, kisigino, mpaka kamba.
Kuna kuvu isiyoonekana, huua kwa kugusa ngozi,
na mimi sitaki kuwa miguu yake.

Mfukoni nina sindano ya kushonea magunia.
Ndiyo kazi yangu: kuzibua vitundu vya bomba
mchanga ukiziba.
Huko juu Mufindi nzima inalowa bure,
chai inalowa, mipaina inalowa, mbuzi wanalowa;
hapa chini mvua ina ratiba na ina fundi,
na fundi ni mimi, Tumsifu binti Betweli Nyenza.

Baba alichimba handaki la bwawa.
Baruti ilimla sikio la kushoto,
malipo yakanunua bati thelathini na baiskeli.
Usiku ule mto ulipoingizwa ndani ya mlima
maporomoko yakabaki uzi wa maji.
Sisi wenye masikio mawili tuliamka
tukiulizana gizani nini kimenyamaza.
Baba alilala.

Wakaja watu wenye tochi za kichwani.
Wakasema humu mna chura,
wa manjano, hajazi ukucha wa dole gumba,
hatagi, anazaa watoto kamili kama mtu,
na duniani kote kwao ni hapa tu, penye manyunyu.
Baba akacheka hadi akakohoa:
kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Lakini huyu, baba, hata kelele hana.
Kaishi chini ya ngurumo maisha yake yote.
Alipolia, nani angemsikia?

Wakabebwa kama mia tano, wakapandishwa ndege.
Kijijini tulisema yote tuliyoweza:
chura kapata pasipoti, mimi sijafika hata Makambako.
Mama Chengula aliuliza kama huko watapewa blanketi.

Huko walikufa sana.
Wakabaki wa kuhesabika kwa pumzi moja.
Kuna mtu, jina lake silijui,
katika bustani ya wanyama ya mji wenye theluji,
aliyekaa mbele ya sanduku la kioo
akibadilisha taa, akibadilisha maji, akibadilisha taa,
huku watoto wa shule wakibandika pua kwenye kioo,
wakimtafuta, wasimwone, wakaenda zao kwa simba.
Namfikiria huyo mtu vidole vyangu vinapokufa ganzi.
Naye pia alikuwa fundi wa manyunyu.

Huku nilipoanza kibarua nilijaza karatasi ya hesabu:
sifuri.
Jumatatu sifuri, Alhamisi sifuri.
Nikawa naichora vizuri, ya duara, kama yai,
yai la mnyama asiyetaga.

Kisha masanduku yakarudi.
Si wale. Ni vitukuu vya wale,
wazaliwa wa kioo, ambao hawajawahi kukanyaga jiwe
lisilosuguliwa na mtu.
Tulifungua kifuniko tukasubiri.
Mmoja akatoka, akapanda glavu yangu, akakaa,
tumbo likipanda na kushuka.
Sijui kama alirudi
au alifika.

Na wengine hawakumaliza msimu. Hilo nalo niliandika.

Nyumbani umeme umeingia mwaka juzi.
Baba huzima taa mapema kuliko jirani yeyote.
Ukimwuliza, anasema luku ghali.
Leo nikifunga buti akauliza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mahindi,
kama wapo.
Nikazunguka upande wa sikio la kulia.
Wapo, nikasema. Wachache.

Chini ya bomba la tisa, juu ya jani la mkangaga,
jike mmoja ametulia. Ngozi ya tumbo ni nyembamba,
naona watoto ndani kama punje za ulezi.
Sihesabu. Napumulia pembeni.

Bomba la kumi na nne limeziba tena.