Kaunta ya Tatu, Ruwi

Anataka "moja kwa moja", Mwanamvua wa Pangani.
Riali zake zimo katika bahasha ya kaki;
feni inazipeperusha, anazibana kwa kiwiko.

Nikamwambia: dada, neno hilo lina mtego.
Moja kwa moja si lazima isiguse ardhi.
Yaweza kutua Unguja, wengine wakashuka,
wewe palepale, mkanda kiunoni,
namba ya ndege ileile.
Isiyotua ni nyingine, nayo wiki hii imejaa.

Ipo hii: Maskati, Doha, Dar es Salaam.
Hiyo ni ya kuunganisha.
Saa sita za Doha ni kungoja tu,
hutoki nje, hugongewi muhuri,
kiti cha chuma na chai ya bei ya kuku.
Zikipita ishirini na nne, jina hubadilika:
hapo umeweka kituo,
una kitanda, una viza, una mji wa kusimulia.

Akanyamaza. Vidole vyake vimebabuka kwa klorosi.
"Na aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili
akakaa tisa, Barka, anafua, analea,
huko kunaitwaje?"

Nikatazama kompyuta, kana kwamba imo humo.

Mama yangu alitua hapa akitokea Ujiji,
mimi tumboni, tikiti ya kurudi mkobani.
Miezi mitatu, alisema, nimwone shangazi.
Tikiti ninayo, kurasa zake za kaboni nyekundu
zinaacha rangi kidoleni mpaka leo.
Penye tarehe ya kurudi hapakuandikwa kitu.
Sisi wa kaunta huiita tikiti wazi.

"Wazi," akarudia, kama aonjaye mchuzi usiokolea.
"Hapana. Yangu itie tarehe."

Nikaitia. Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane.
Skrini itasema mbili, usibabaike,
na utoke Barka Jumatano, magharibi isikukute njiani;
wengi huja kesho yake, na mabegi, na zawadi,
ndege imekwisha fika.

"Na begi?"
Litafungwa lebo mpaka Dar. Usilitafute Doha.
"Lenyewe linajua?"
Linajua.
"Basi mimi nitalifuata."

Akacheka peke yake, akaikunja karatasi mara nne,
kisha akanidai chenji yake, baisa mia tatu.