Ukungu wa Sekunde Kumi na Moja

Kwanza tulijaribu pamba.
Tsisana aliichambua kama anayetafuta kosa ndani yake,
akaitandaza juu ya reli za njiti,
tukawasha taa, tukapiga fremu ishirini.
Tulipozitazama zikienda, tukaona kondoo:
kondoo mmoja mpana, asiye na miguu,
anamla mlinzi wetu wa stesheni
kuanzia kwenye viatu.

Mlinzi mwenyewe ni sentimita kumi na nne.
Kichwa, kizibo cha chupa ya divai;
mifupa, waya; koti, soksi ya Badri
(Badri hajui. Bado anaitafuta).
Kazi yake katika filamu ni kusimama
akingoja treni, na ukungu wa mto Rioni
umfunike taratibu mpaka ibaki kofia.
Sekunde kumi na moja. Mwalimu Otari alisema,
"Ukungu ndio filamu. Mengine ni mbao na gundi."

Kisha maziwa.
Tuliazima tangi la samaki kwa jirani;
samaki wakahamia sufuriani, wakatutazama vibaya.
Maji ya chumvi chini, maji baridi juu,
ndivyo alivyosoma Tsisana:
ukidunga maziwa kwa bomba la sindano
pale yanapokutana, wingu hukaa katikati, halishuki.
Na kweli lilikaa. Mungu wangu, lilikaa!
Likajikunja, likatoa vidole, likavimba
kana kwamba anga lote la Kutaisi limeingia tangini,
nami nikasahau kubonyeza.
Wanasema dalili ya mvua ni mawingu.
Langu lilikuwa dalili ya kupiga deki.

Maziwa ya pili yalikatika.
Ya tatu yalinuka.
Samaki tuliwarudisha watano.
Walikuwa sita. Hilo tulimsingizia paka.

Kompyuta, basi.
Chembe elfu tisini, kila moja na uzito wake,
upepo wa kuburutwa kwa kidole.
Mashine ilihema usiku kucha kama ng'ombe anayezaa,
asubuhi ikatupa ukungu safi,
ukungu usio na dosari,
ukapita mbele ya mlinzi bila kumgusa
kama mgeni wa heshima anayekatiza jikoni.
Tsisana akaufuta.
Nilimnunia hadi saa saba.

Ndipo gesi ikakatika.
Januari, ghorofa ya nne, dirisha lenye kadibodi.
Tulikuwa tumesimamisha kioo mbele ya kamera
ili tuchore theluji juu yake,
na nilipoinama kurekebisha mkono wa mlinzi
nikapumua.
Kioo kikapofuka.
Nikaanza kukifuta kwa kiwiko, nikiomba radhi,
Tsisana akaudaka mkono wangu:
"Acha. Pumua tena."

Pumzi, bofya.
Futa kidogo kwa kijiti cha masikio,
sogeza mlinzi nusu punje ya mchele,
pumzi, bofya.
Pumzi zangu zilikuja nyembamba, zake nzito,
maana yeye huvuta sigara na hukana kwamba huvuta.
Bandu bandu huisha gogo;
letu lilizidi kunenepa.
Kwenye fremu ya sabini nikaona nyota za mchana,
tukapokezana, kama watu wawili
wanaopuliza jiko moja lenye kuni mbichi.

Fremu mia moja thelathini na mbili.
Ukungu unapanda, unarudi nyuma,
unasita kwenye goti lake, unapanda tena.
Pale nilikohoa.
Pale Tsisana alicheka, alipoikumbuka soksi.
Pale, kati ya arobaini na arobaini na tatu,
mama yake alipiga simu kuuliza kama amekula.

Mwalimu Otari alitazama mara mbili,
kimya, kofia yake magotini.
Kisha: "Fremu ya tisini na nane ina unywele."

Ni kweli. Mweusi, mrefu, umepinda kama reli.
Si wangu.
Tumeuacha.