Sifuri Yenye Mafua

Saa sita na robo usiku, Chikongola.
Mtambo wa ushirika unakoroma chumba cha nyuma,
mpana kama makabati mawili ya ukweni,
ulinunuliwa Mtwara ukiwa na uzee wake tayari.
Saa hii una kazi moja: kutuma barua pepe
kwa vyama vya msingi, baada ya mnada wa korosho.
Kazi yangu ni kusoma namba inayobaki mwishoni.

Sifuri: zote zimekwenda. Weka sahihi, kalale.
Nane: kuna anwani isiyojulikana,
mara nyingi karani wa Mahuta kasahau nukta.
Kumi na mbili: upande wa pili haupokei.
Kumi na sita nimeiona mara moja tu,
siku panya alipokula waya.

Na nne.
Nne ni onyo. Barua imekwenda, ila.
Mtambo hauongezi neno juu ya hiyo "ila"
mpaka ufungue ripoti, kurasa arobaini,
herufi kubwa tupu, kama mtu anayefoka.

Nandonde, mkuu wa zamu, alinifundisha wiki ya kwanza
huku akimenya ming'oko juu ya kibodi:
"Somoe, nne ni sifuri yenye mafua.
Haiui mtu. Weka sahihi."
Nikaweka. Oktoba nzima nikaweka.
Nne, nne, sifuri, nne.
Onyo likizoeleka huwa kama feni:
utaisikia siku itakaponyamaza.

Jumatatu akaja mama kutoka Kitangari
na karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama hirizi.
Hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akasema:
"Kilo elfu moja mia mbili na arobaini.
Bei mlitangaza wenyewe, elfu mbili.
Mimi sikusoma, lakini mlango wangu umesoma,
kila gunia nililichorea mkaa.
Mbona karani kanihesabia
laki mbili na arobaini na nane?"

Nikaifungua ripoti. Mara ya kwanza tangu niajiriwe.
MSTARI WA 311 UMEZIDI SAFU YA 80. UMEKATWA.
Namba ya mwisho: nne.
Na chini yake, kwa wino wa buluu, mimi.

Sifuri moja.
Ile ile tunayoiomba kila usiku tukalale
ilikuwa imedondoka nje ya ukingo wa safu ya themanini,
na mtambo ulisema. Ulisema kwa adabu,
kama mtumishi aliyezoea kutojibiwa.

Chanzo kilikuwa jina.
Wenzake waliandikisha majina mawili, yeye aliandikisha
Atiye Hashimu Likokola binti Sinahamu Namkulya,
la baba, kisha la mama, kisha la nyumba ya mama.
Nandonde akakohoa: "Tulifupishe.
A. Likokola. Linatosha."
Atiye alimtazama kama mtu anayekagua
mzani uliochezewa.
"Mikorosho nimepewa na mama.
Refusheni karatasi yenu."

Tuliirefusha. Siku tatu, simu kumi na moja,
na fundi aliyeuliza kama kweli kuna ulazima.
Pesa zake zilikuwapo muda wote
kwenye akaunti ya chama, zikimngoja mwenye kuuliza.

Wangapi hawakuuliza?
Nimerudi nyuma hadi Oktoba mosi, nne baada ya nne,
na daftari la hesabu la mwanangu,
kurasa zilizobaki baada ya kujumlisha kwake maembe.
Nimefika tarehe tisa.
Nimeshapata Mkunya mmoja, Nanyamba wawili,
na marehemu mmoja wa Luchingu
ambaye sijui nimwandikie nani.

Usiku huu barua mia mbili kumi na nne.
Namba: nne.
Nandonde kashavaa kofia, funguo zinalia mkononi.
"Mafua tu hayo, Somoe."

Labda.
Navuta kiti. Ukurasa wa kwanza.